Tovuti za taasisi za umma Zanzibar ziwe na sura moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mwonekano wa tovuti na mifumo ya huduma za umma hapa Zanzibar. Taasisi ni za Serikali moja, lakini nyingi zina rangi zake, herufi zake, na hata nembo iliyovutwa ikapoteza umbo. Katika fomu moja kitufe cha kutuma ni cha kijani na kipo chini. Katika nyengine ni chekundu na kipo juu, na mzee wa Micheweni anayejaza kwa simu husita kukibonyeza akihofia kufuta alichokwisha kuandika. Kubwa zaidi ni usalama, kwani mwananchi asiyeijua sura halisi ya ukurasa wa Serikali hana namna ya kuutambua ule wa matapeli.

Uingereza ilianza kuunganisha tovuti zake za serikali kuwa GOV.UK mwaka 2012, na mwongozo wake wa vitufe, fomu na maandishi uko wazi kwa yeyote kuusoma. Naishauri Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar isimamie mwongozo mmoja wa aina hiyo kwa Kiswahili, uliojaribiwa na watumiaji wa Unguja na Pemba, na zabuni za mifumo mipya ziutaje kuwa ni sharti, la sivyo kila mkandarasi ataendelea kuchora apendavyo.

Msomaji,
Wete, Pemba