Monza ndiyo itakayoyapima magari haya mapya

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za michezo hutupatia matokeo ya langalanga kila Jumatatu, nami nawashukuru, kwa kuwa magazeti mengi hayafanyi hata hilo. Safari hii nawaomba msingoje Jumatatu. Wikendi ya Septemba 4 hadi 6 Formula 1 inakwenda Monza kwa mbio za Italia, na mwaka huu wa 2026 ndipo kanuni mpya za magari zitakapowekwa mahali pasipo pa kujificha. Anayetaka kujua kama kanuni hizo zimefaa, aanze kutazama tangu mazoezi ya Ijumaa.

Nasema hivyo kwa sababu kila mwaka husikia maneno yaleyale: Monza ni barabara zilizonyooka tu, mwenye injini kali ndiye mshindi, kuna nini cha kutazama? Hata baadhi ya wachambuzi huimaliza kwa sentensi moja. Mimi naona hawajaitazama vizuri.

Uwanja huo ulijengwa mwaka 1922, kwa siku 110 tu, ndani ya bustani ya kifalme iliyo kaskazini mwa Milan. Brooklands ya Uingereza na Indianapolis ya Marekani ni miongoni mwa viwanja vichache vilivyoutangulia; Brooklands leo hauna tena mbio. Tangu ubingwa wa dunia uanze mwaka 1950, mbio za Italia zimefanyika Monza kila mwaka isipokuwa 1980, zilipohamia uwanja wa Imola. Hakuna uwanja mwingine uliopokea mbio nyingi za ubingwa kuliko huu. Kwa hiyo tukisema gari fulani lina kasi, Monza ndipo tunapoweza kulilinganisha na magari ya vizazi vyote vilivyopita.

Mzunguko mmoja una kilomita 5.793 na kona 11, na mbio nzima ni mizunguko 53. Sehemu kubwa ya mzunguko dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Ugumu uko hapohapo. Kwa miaka mingi timu zilikuwa zikitengeneza mabawa membamba kwa ajili ya Monza peke yake, ili gari lipasue upepo bila kuvutwa nyuma. Lakini bawa jembamba halilikandamizi gari chini. Dereva anafika mwisho wa barabara kuu iliyonyooka akiwa na kasi inayozidi kilomita 340 kwa saa, kisha ndani ya mita chache anatakiwa ashuke hadi gia za chini kabisa aingie kwenye kona za Variante del Rettifilo, kulia kisha kushoto, akiwa na gari jepesi linaloteleza kila breki inaposhikwa. Akichelewa kidogo, tairi zinajifunga na anapita moja kwa moja. Akiwahi kidogo, aliye nyuma yake keshapita. Baada ya hapo zipo kona mbili za Lesmo, ipo Ascari, na mwisho ile kona ndefu ya Parabolica, iliyopewa jina la dereva Mwitaliano Michele Alboreto mwaka 2021. Atakayeiharibu Parabolica ataulipia uzembe huo barabara kuu nzima.

Mwaka jana dereva Max Verstappen aliweka rekodi mbili hapo katika wikendi moja. Jumamosi, wakati wa kufuzu unaopanga nafasi za kuanzia mbio, alimaliza mzunguko kwa dakika 1 na sekunde 18.792, na Jumapili alishinda kwa wastani wa kilomita 250.706 kwa saa, akiivunja rekodi ya Michael Schumacher ya mwaka 2003, ambayo ilikuwa kilomita 247.585. Hizo ndizo mbio za Formula 1 zilizokimbiwa kwa kasi kubwa kuliko zote, na zilikuwa za mwisho Monza kwa magari ya kanuni za zamani.

Haya mapya yana shida ya aina nyingine, na hapa ndipo ningependa wasomaji waelezwe kwa kina. Karibu nusu ya nguvu za gari la mwaka huu inatoka kwenye umeme. Mota ya umeme inaweza kutoa kilowati 350, wakati ile ya zamani ilikuwa na 120. Betri hujazwa hasa gari linapofunga breki. Sasa Monza ina breki nzito chache sana: Rettifilo, kona za Roggia, kuingia Ascari, kuingia Parabolica. Basi. Uwanja unaodai nguvu nyingi kuliko vingine ndio huohuo unaotoa nafasi chache za kujaza betri. Dereva anayemwaga umeme wote baada ya kona anaweza kuishiwa kabla barabara haijaisha, na mwenzake aliyeweka akiba akampita kama amesimama. Wengine watalazimika kuachia mafuta mapema, kabla hata ya kona, ili betri ipate chochote.

Je, hilo ni jambo jema? Nina wasiwasi nalo, na nalisema kwa uchungu wa mpenzi wa mchezo huu. Uzuri wa Monza umekuwa ujasiri wa kuchelewa breki. Kama uwanja huu utamlazimisha dereva bora duniani kuachia mafuta mita nyingi kabla ya kona ili ahesabu umeme, waliotunga kanuni wanapaswa kuulizwa maswali, na waulizwe kwa ushahidi wa Monza. Na kama madereva wataweza kushambuliana na kujilinda kwa akili ya kutunza umeme, nitakuwa wa kwanza kukiri kwamba wamepatia.

Lipo pia suala la mabawa. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma hulala kwenye barabara zilizonyooka kwa magari yote, si kwa anayefukuza peke yake kama ilivyokuwa hadi mwaka jana. Gari lililolaza mabawa huuvuruga upepo kwa kiasi kidogo kuliko gari ambalo halijayalaza, na upepo huo uliovurugwa na gari la mbele ndio ambao kwa miaka zaidi ya mia madereva wa Monza wameutumia kujivutia mbele. Mwaka 1971, kabla ya kuwekwa kona za kupunguza mwendo, magari yalifukuzana kwa makundi, yakipokezana uongozi mzunguko baada ya mzunguko. Peter Gethin alimshinda Ronnie Peterson kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na watano wa kwanza walivuka mstari ndani ya sekunde 0.61. Nani hatapenda kuona hata robo ya hayo? Lakini kona hizo ziliwekwa mwaka uliofuata kwa sababu ya msingi, nami siombi ziondolewe.

Kasi ya Monza imeua. Mwaka 1961 dereva Wolfgang von Trips alifariki pamoja na watazamaji 15. Jochen Rindt alifariki mwaka 1970 katika mazoezi ya kufuzu, na akatawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Peterson aliumia kwenye ajali ya mwanzo wa mbio za 1978, akafa siku iliyofuata. Mwaka 2000 Paolo Gislimberti, mzimamoto aliyekuwa kazini kando ya uwanja, alipigwa na tairi lililochomoka katika ajali ya mzunguko wa kwanza, akafa. Huyu wa mwisho hutajwa mara chache, na ningefurahi mno kuona jina lake katika makala yenu, kwa sababu bila watu wa kazi yake hakuna gari linaloruhusiwa kutoka.

Jambo jingine la kuangalia ni tairi. Mwaka 2024 McLaren walianza nafasi ya kwanza na ya pili, wakasimama mara mbili kubadilisha tairi. Charles Leclerc wa Ferrari akasimama mara moja tu, akazilea tairi zake hadi mwisho, akashinda mbele ya maelfu ya watu waliovalia nyekundu, rangi ya Ferrari. Wanaosema Monza ni injini tu watueleze hiyo ilikuwa nini.

Wiki moja baada ya Monza, ratiba inaupeleka msafara Madrid, kwenye uwanja mpya kabisa. Uwanja wa Zandvoort wa Uholanzi mwaka huu unaiaga ratiba. Spa-Francorchamps wa Ubelgiji hautakuwa na mbio mwaka 2028 wala 2030. Monza wenyewe una mkataba hadi 2031. Sina chuki na viwanja vipya, lakini viwanja vya zamani vikipunguzwa kimoja kimoja, tutabaki na mbio zisizoweza kulinganishwa na kitu chochote kilichozitangulia, na hasara hiyo haifidiwi na ada ya mwenyeji hata iwe kubwa namna gani.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Toleo la Ijumaa lieleze kwa ufupi betri inajazwa wapi Monza na mabawa yanalala wapi. Jumapili asubuhi, muda wa aliyefuzu wa kwanza uchapishwe kando ya ule wa 1:18.792 wa mwaka jana, pamoja na kasi waliyofikia kabla ya Rettifilo. Na mwandishi wenu atazame mahali ambapo madereva wanaachia mafuta wanapoikaribia Parabolica, kisha atuambie alichokiona.

Wenu,
Msomaji na mpenzi wa langalanga