Barua kwa mdogo wangu anayetaka kucheza gambiti tu akishika nyeusi

Mdogo wangu,

Ule ujumbe wako wa usiku nimeusoma mara tatu. Unasema kwenye chesi umechoka kushika kete nyeusi na kukaa unasubiri kupigwa, kila gemu ikifika hatua ya kumi umeshabanwa huna pa kupumulia, kwa hiyo kuanzia sasa ni gambiti tu, yani kutoa kete sadaka mapema ili upate nafasi ya kushambulia, mtu akifungua d4 (akisukuma kitunda, ile kete ndogo ya mbele, mpaka mraba wa d4; herufi ni safu ya wima, namba ni mstari) unamtolea kitunda, akifungua e4 unamtolea kitunda, iwe jua iwe mvua. Afu ukanitumia orodha ya gambiti saba unazotaka kuanza nazo wiki hii hii. Nimeona nikujibu hapa hadharani maana najua hauko peke yako, wako wengi wamekaa hapo hapo ulipokaa wewe, na mimi nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Kwanza jua nakuunga mkono kabisa. Mwenye nyeupe anaanza na hatua moja mbele na ukicheza kwa woga ile hatua inakufuata gemu nzima, anaitumia kukubana tu taratibu. Gambiti ni namna ya kuinunua ile hatua. Unatoa kitunda, yeye anatumia hatua kula, mara nyingi anatumia nyingine kujiweka sawa baada ya kula, na wewe muda wote huo unatoa kete zako nje. Mtu anayekwambia mwenye nyeusi hana haki ya kushambulia mapema usimsikilize.

Ila orodha yako sasa. Kwenye zile saba, nne sio gambiti, ni mitego. Na hapa ndo nataka tuelewane vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua hii.

Chukua ile Englund uliyoiweka ya kwanza, d4 afu wewe e5. Anakula, unatoa farasi c6, anatoa farasi f3, malkia wako e7, anaweka askofu f4 kulinda kitunda, malkia wako anaruka b4 anapiga cheki, yani anamtishia mfalme, askofu anarudi d2, malkia anakula b2. Hapo sasa unaomba Mungu aweke askofu c3 akidhani anamfukuza malkia wako, maana akifanya hivyo unaweka askofu b4, yeye malkia d2, unakula c3, anakula na malkia, na malkia wako anashuka c1, chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia na gemu imeisha. Tamu sana, sikatai. Lakini je akiweka farasi c3 badala ya askofu? Mchezo umegeuka hapo hapo. Ngome yake inakuja b1 kumkimbiza malkia wako, farasi anatazama d5 na ile c7 yako, na wewe mpaka hapo umetoa malkia na farasi mmoja tu, kete zingine zote zimelala nyumbani. Mimi niliicheza hii karibu mwaka mzima. Nilishinda gemu nyingi za haraka kwa watu wasioijua, na nikikutana na anayeijua nilikuwa sina gemu kabisa, na kibaya zaidi zile nilizoshinda hazikunifundisha kitu chochote, mwaka ukaisha uchezaji wangu wa katikati uko vile vile.

Ile ya Latvia nayo, e4 e5 farasi f3 afu wewe f5, najua inavutia macho, ila unafungua mlalo, ule mstari wa mshazari, wa kwenda kwa mfalme wako mwenyewe kabla hujatoa hata kete moja, farasi wake anakula e5 na malkia wake anaanza kuitazama h5. Iache.

Kwa hiyo kabla hujaingiza gambiti yoyote kwenye daftari lako jiulize hivi, huyu jamaa akinijibu vizuri kabisa, hatua kwa hatua, mi nabaki na nini? Kama jibu ni "nabaki na matumaini kwamba hajui", futa. Kama jibu ni kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole ubaoni, njia ya wima iliyo wazi, mlalo wa askofu, mfalme wake aliyekwama katikati, basi hiyo weka.

Ndo maana kwa d4 nataka uchukue Benko. Warusi wanaiita gambiti ya Volga, kwa jina la ule mto wao, ila wengi tunamtaja Pal Benko, grandimasta wa Hungaria aliyehamia Marekani, kwa sababu ndiye aliyeicheza na kuiandikia mpaka dunia ikaiheshimu miaka ya 1960 mwishoni na 1970. Inakuja hivi: d4 farasi f6, c4 c5, d5 afu b5. Akila b5 unamwambia a6, akila tena unakula na askofu. Umetoa kitunda kimoja kizima na hakuna mtego wowote, hakuna chekimeti ya hatua ya nane, hakuna kitu cha kuombea. Na hapo ndo uzuri wake ulipo. Angalia ubao: njia ya a iko wazi, njia ya b iko wazi, zote mbili ni zako. Unatoa g6, askofu g7, unamficha mfalme (ile hatua moja ya mfalme na ngome kupishana), ngome moja inakaa a8 nyingine inahamia b8, malkia anaenda a5, na vile vitunda vyake viwili vya a2 na b2 vinabaki vinapigwa kutoka juu huku askofu wa g7 anakipiga cha b2 kutoka pembeni. Akitoa e4 unabadilishana askofu pale f1, mfalme wake analazimika kula mwenyewe, inabidi asukume kitunda g3 afu mfalme atembee g2 kwa miguu kujificha, na hizo ni hatua anazozipoteza wewe ukizidi kupanga jeshi lako.

Kuna jambo moja la Benko lilinichukua muda kuliamini. Gambiti nyingi ukibadilishana malkia umekwisha, maana shambulio limeisha na kitunda huna. Hapa ni tofauti, malkia wakitoka mara nyingi unazidi kuwa vizuri, kwa sababu vitunda vyako vyote sita vimeshikana kwenye mnyororo mmoja, wakati vyake vimegawanyika makundi mawili na lile kundi la a na b ni la kulindwa tu mpaka mwisho. Ngome mbili zinatosha kumtesa. Yani unatoa kitunda hatua ya tatu na malipo yake unaendelea kuyachukua hatua ya thelathini na tano. Injini, ile programu ya kompyuta ya chesi, itakwambia nyeupe iko mbele kidogo, sawa, ila kaa wewe ushike hizo nyeupe ulinde b2 saa nzima uone kama kuna raha. Mimi nakujua, ukishaona mpango huna haraka, hii ni ya kwako.

Kama itakushinda kabisa kuna Budapest, d4 farasi f6, c4 e5, akila farasi anaruka g4. Hii nayo imepita mtihani wangu, kwa sababu farasi wawili na malkia wa e7 wote wanaipiga e5 na mara nyingi kitunda chako kinarudi, mtego ni nyongeza tu. Na mtego wenyewe ni huu: askofu f4, farasi c6, farasi f3, askofu b4 cheki, farasi wa pili d2, malkia e7, akisukuma a3 kumfukuza askofu wewe usimtoe, kula e5 na farasi wa g4, na akila askofu wako pale b4 basi farasi anatua d3, chekimeti, maana kitunda cha e2 hakiwezi kumla, kimefungwa na malkia wako anayemtazama mfalme. Ila chagua moja. Usizibebe zote mbili sasa hivi, utazichanganya.

Kwa e4 jibu e5 na uache mambo yaje yenyewe. Vijana wengi wa kiwango chako wanatoa askofu c4, wewe toa farasi wako wawili, na wakija na farasi g5 kupiga f7 wala usitetemeke, ndo unapotaka. Weka d5, akila usile na farasi kama kila mtu anavyofanya maana anamtoa farasi wake sadaka pale f7 na mfalme wako anavutwa mpaka katikati ya ubao. Weka farasi a5. Atapiga cheki na askofu b5, wewe c6, akila unakula na kitunda cha b. Una kitunda pungufu lakini askofu wake inabidi ahame tena, farasi wake wa g5 unamfukuza na h6, akirudi f3 unamfukuza tena na e4, yeye anarudi nyuma tu na wewe kila hatua unakuja mbele.

Akikuletea ule ufunguzi wa Kihispania, askofu b5, kuna siku utacheza gambiti ya Marshall, d5 hatua ya nane baada ya wote kuficha wafalme. Nakutajia sababu ya historia yake. Frank Marshall wa Marekani alimtolea gambiti hii Capablanca wa Kuba, New York mwaka 1918, na akapoteza. Gemu ile ya kwanza maarufu, amepigwa, mbele ya watu. Na bado gambiti haikufa, watu wakakaa nayo chini, wakaona ukiweka c6 kutuliza katikati ya ubao afu askofu d6 na malkia h4, mwenye nyeupe anateseka kweli, na leo wachezaji wakubwa kabisa wa nyeupe wengi wanaikwepa kwa makusudi na a4 au h3. Kwa hiyo ukipoteza gemu tatu za kwanza na Benko usinitumie ujumbe wa kuniambia haifai.

Kitu ambacho orodha yako haikukigusa kabisa ni wale watakaokataa. Nusu ya watu watafungua d4 na askofu f4, hawatoi c4, Benko yako haipo. Wengine watacheza c4 moja kwa moja, wengine e4 halafu d3 wanajikunja tu. Huwezi kumlazimisha mtu ale. Ukijaribu kutoa kitunda kwa nguvu mahali ambapo hakuna malipo ndo unarudi kule kule kwenye Englund. Kwa hao wa askofu f4 cheza c5 na malkia b6, piga b2 ambayo askofu wake ameiacha, si gambiti ila roho ni ile ile ya kumuuliza maswali mapema. Na hata ndani ya Benko wapo wanaokula b5 wakafika a6 wakasukuma b6 badala ya kula, kula na malkia na uendelee, una gemu nzuri tu na kitunda chako umekipata.

Wiki hii usicheze gemu za dakika tatu. Cheza za dakika kumi na tano au zaidi, Benko peke yake, na kila ukimaliza rudi uangalie sehemu moja tu: ngome zako zilifika a na b hatua ya ngapi, na ni kitu gani kilizichelewesha.

Jumamosi usiku niko mtandaoni. Ntashika nyeupe, ntafungua d4 na c4, na ntakula kitunda chako cha b5 na cha a6 vyote. Usiogope kunitolea.

Kaka yako