Panga la upepo lisikatwe kwa kipimo cha lori

Mhariri,

Kila mjadala wa nishati ya upepo unapopamba moto, hakosekani mtu wa kuleta picha ile ya Casper, Wyoming, Marekani: mapanga meupe ya mitambo ya umeme wa upepo yamelazwa shimoni kama mizoga ya nyangumi, yakisubiri kufukiwa. Picha ni ya kweli, sibishi. Ninachobisha ni dhana kwamba panga likishateremshwa mnarani halina kazi tena.

Mnara ni chuma, jenereta ina shaba; hivyo havikosi mnunuzi. Panga kwa kawaida ni fibaglasi, yaani nyuzi za kioo, iliyogandishwa kwa gundi ya epoksi, na ndani mna mbao nyepesi za balsa au povu gumu. Epoksi ikishaganda haiyeyuki tena, ndiyo maana wauza vyuma chakavu hawana haja nalo. Lakini kitu hicho hicho hakishiki kutu, na kwa miaka 20 hivi kimepigwa upepo, kikapinda na kurudi. Mjenzi gani wa madaraja asingekitamani? Katika Kaunti ya Cork, Ireland, mapanga mawili yamekuwa mihimili ya daraja la waenda kwa miguu na baiskeli tangu 2022. Aalborg, Denmark, panga limegeuzwa kibanda cha baiskeli. Rotterdam, Uholanzi, mapanga yaligeuzwa uwanja wa michezo wa watoto.

Miradi ya namna hii bado ni ya kuhesabika, na kosa si la panga. Unene wa kuta zake na mpangilio wa tabaka za nyuzi ni siri ya kiwandani, hivyo mhandisi huanza kupima upya kabla hajathubutu kumpitisha mtu juu yake. Baya zaidi ni msumeno. Wabomoaji hulikata panga vipande vya kutosha kwenye lori, wakaukata na ule mhimili wa ndani unaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kinachobaki ni vumbi la kioo linalowasha ngozi na vipande vya kupeleka tanuru la saruji. (Tanuru si baya: epoksi huwaka kama kuni, kioo kikachukua nafasi ya mchanga. Ila hiyo ni hatima ya kipande kilichokwisha kazi, si ya panga zima.)

Naomba wanaotoa vibali vya mashamba ya upepo wadai michoro ya kuta na tabaka hizo tangu siku mtambo unaposimikwa, na anayelitaka panga aulizwe likatwe wapi kabla msumeno haujawashwa.

Msomaji wenu