Asante mama wa jumuiya

Namshukuru sana yule mama wa jumuiya yetu ya sala ya kanisa hapa Mbagala, jina sitaji maana mwenyewe hapendi. Nilihamia Dar kutoka Moshi sina mtu, KKKT, kanisa letu la Kilutheri, naingia Jumapili natoka kimya kimya, yeye ndo akanidaka mlangoni akauliza barua ya utambulisho ya usharika wa zamani iko wapi, akanipeleka kwa mzee wa kanisa nikaandikwa nikapewa na bahasha yangu ya ahadi ya sadaka yenye namba. Mama yangu alipofariki jumuiya walijaa kwangu kabla ya ndugu, turubai, mchele, daftari la rambirambi, nauli ya Moshi ikapatikana usiku uleule. Ibada ya kwenye simu naipenda jamani, ila simu haijui kama umefiwa. Mama ubarikiwe mno, Jumamosi jumuiya inasali kwangu, njoo mapema tupike wote.