Zuhura, usikodi chumba bado

Hurlingham, Nairobi
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili watoto wakiwa wamelala. Nimefurahi mno kwamba unahamia huku baada ya miaka yote hiyo ya hospitali ya serikali. Umeniuliza kama daktari wa akili anayejitegemea ana kesho Nairobi. Anayo. Lakini kile chumba cha Ngong Road usikikodi kabla hujasikia yaliyonipata.

Nilipoanza nilihangaikia viti, zulia na kibao cha mlangoni. Kwenye kibao niliandika jina langu tu bila kutaja fani, ili mtu akionekana anaingia asiambiwe na jirani kwamba amekuwa wa Mathari. Hospitali ile ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa mwaka 1910, na mpaka leo jina lake ni tusi ndani ya matatu. Hata hivyo wagonjwa walikuja, tena wengi. Jopo la serikali lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipopendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa, sikushangaa hata kidogo, maana foleni nilikuwa naiona mlangoni pangu. Shida ilikuwa kuwaona tena.

Mama mmoja alimleta mwanawe kutoka Kayole. Kijana wa chuo, hapati usingizi, anasikia sauti zinamtukana. Walikuwa wameshamaliza maombi, wameshamaliza waganga. Nilikaa naye saa nzima, nikamwanzishia olanzapini, dawa ya kutuliza zile sauti, na wiki ya sita akaja amenyoa ndevu, akaniuliza kama anaweza kurudi darasani. Nilitamani kulia kwa furaha. Siku hiyo mama yake alifungua fundo la leso, akahesabu shilingi 4,000 juu ya meza yangu, noti za mia na za hamsini, akizinyoosha moja moja kwa kidole gumba. Niliziona zile noti. Sikumuuliza kitu.

Hawakurudi. Miezi minne baadaye nikapigiwa simu kutoka wodini: kijana amelazwa, dawa ziliisha zamani, na mama aliona haya kuja kwangu mikono mitupu.

Lile lilikuwa kosa langu, Zuhura, na bado linaniuma. Maradhi tunayoyatibu hukaa na mtu miaka, ilhali mchango wa ukoo hupoa mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa nimejenga kliniki ya watu wenye pesa za mwezi wa kwanza.

Usitegemee bima ikuokoe. Sheria ya Afya ya Akili, tangu ilipotungwa 1989, inazikataza kampuni za bima kuwabagua wagonjwa wetu, lakini mwaka jana nilishinda kwenye simu siku mbili nikimtetea mgonjwa ambaye kampuni yake ilikataa kulipia kitanda. Na wapo wenye bima nzuri wasiotaka kuigusa. Mhasibu mmoja alinibembeleza niandike "presha" kwenye fomu, kwa sababu fomu zinapita mezani kwa mkubwa wake. Nilimwambia siwezi kuandika uongo. Akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akalipa kwa M-Pesa, na ndivyo anavyolipa mpaka leo. Anajinyima ili siri yake isitoke, na mimi namwelewa.

Simu ni msaada, hilo sikatai. Tangu corona ninao wagonjwa wa Garissa na wa Lamu ambao zamani wangelala njiani ili wanione kwa dakika 40. Lakini mgonjwa aliyeanza haloperidoli, dawa ya akili inayoweza kumfanya mtu ashindwe kutulia, lazima umwone mwili mzima. Kwenye skrini utaona uso umetulia, usijue kwamba chini ya meza miguu haitulii, na kesho atazitupa dawa chooni.

Jambo lingine linalonipa moyo: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kunakiuka Katiba. Sasa jamaa wanamleta mgonjwa na kusema kilichotokea. Zamani waliniambia amekunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya, nami nikabaki kubahatisha.

Sasa nikuambie ninavyofanya. Nimeajiri muuguzi, Rehema, na mshahara wake unatoka kwenye ada za wale wanaoweza kulipa. Ana daftari la bluu, analifungia kabatini: jina, dawa, tarehe ya kurudi, na nambari ya jamaa wa pili, kwa sababu wa kwanza huchoka. Kila Jumanne asubuhi anawapigia waliopitisha tarehe. Sindano ya mwezi, ile ya dawa inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, anaichoma yeye kwa bei ndogo, bila mgonjwa kulipia kuniona. Na siku ya kwanza kabisa, kabla ya dawa, mimi mwenyewe huuliza: pesa hizi zitafika mwezi gani? Zikielekea kuisha naandika barua kamili kwenda kliniki ya serikali, kisha Rehema anapiga simu kuhakikisha mgonjwa amefika na amepewa dawa ileile.

Faida imepungua, sikufichi. Kodi ya Hurlingham inanitoa jasho. Lakini hao wanaofuatiliwa ndio wanaonileta wengine, shangazi, jirani, mwalimu wa shule, na naamini madaktari watakaodumu mji huu ni wenye daftari kama hili. Wenye zulia zuri tu watamezwa na hospitali kubwa.

Kwa hiyo mwambie mwenye nyumba asubiri wiki mbili. Njoo Jumanne uketi na Rehema umsikie anavyozungumza na watu, halafu tufikirie kama tugawane chumba na mshahara wake. Mletee halua, anaipenda ile ya Mombasa.

Yule kijana wa Kayole yumo ukurasa wa kwanza wa daftari. Sindano yake ni Jumanne hiyohiyo, saa nne.

Wako akupendaye,
Mwanaisha