Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Deltani na Ndege ya 1917

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Mambo ya fedha mweka hazina atayasoma mwenyewe. Mimi niseme tu kwamba ada zimeingia kuliko mwaka jana, na misiba miwili tumeihudumia bila kukopa. Nitakaa zaidi kwenye safari ya Januari, maana ndiyo iliyoleta maneno.

Tulikwenda delta ya Rufiji kuikumbuka ndege ya Waingereza, ya aina inayotua majini, iliyopotelea huko tarehe 6 Januari 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Rubani alikuwa Edwin Moon, mwangalizi wake Kamanda Richard Bridgeman. Injini iliwasumbua wakatua kwenye kijito, kisha wakaiteketeza ndege wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mikoko ikawafunga. Kingoni hapapitiki, hivyo kila kijito walikivuka kwa kuogelea, tena na njaa. Tarehe 7 wakaunga chelezo kwa boriti tatu na fremu za madirisha, wakawa wanapiga kasia na kuchukuliwa na maji siku mbili nzima. Asubuhi ya tarehe 9 wakajikuta bahari kuu. Bridgeman, ambaye kuogelea hakukuweza sana, akafa kwa uchovu. Moon alihangaika kumwokoa asiweze. Alasiri akafika ufukweni, akatekwa.

Nahodha wetu alisikiliza yote, akauliza jambo moja: mwezi ulikuwaje? Katibu akatafuta kwenye simu: mpevu, tarehe 8. Nahodha akatikisa kichwa, akasema basi hilo ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji ya bamvua yakipwa hata boti ya mashine hujuta. (Moon kwa Kiingereza ni mwezi. Katibu alicheka peke yake.)

Wapo walionipigia simu kuuliza kwa nini chama kiwalilie Wazungu wawili ilhali babu zetu walibebeshwa mizigo vita ile ile na majina yao hayapo popote. Ni swali la haki. Ndiyo maana tulilala usiku mmoja kijijini na kuwarekodi wazee wanne waliosimuliwa habari za wapagazi na baba zao. Sauti hizo anazo katibu.

Kosa langu ni mafuta ya boti. Sikuhesabu maji kupwa, tukakwama topeni hadi yalipojaa tena, na bajeti ikapita. Nusu ya ziada nimelipa mfukoni. Nusu iliyobaki naomba mkutano uiidhinishe leo.