Barua kwa Binamu Anayetaka Kuuza Gitaa

Binamu yangu,

Jumapili ile nilipokuja kwako Roysambu sikusema neno. Ulikuwa umenipikia, na mgeni hana haki ya kukosoa nyumba huku akitafuna pilau ya mwenyewe. Lakini macho hayana pazia. Niliona gitaa limefungwa ndani ya mfuko wake, limesimamishwa nyuma ya mlango kama ufagio. Niliona pia karatasi uliyoibandika juu ya jiko: Jumatatu gitaa, Jumanne rangi, Jumatano mbao, Alhamisi video, Ijumaa gitaa tena. Wiki nzima umeikatakata kama nyama ya karamu. Juzi usiku ukaniandikia kwamba umeshindwa, kwamba wewe ni mtu wa kuanza tu, na kwamba kuna kijana kazini anakupa elfu sita kwa hilo gitaa.

Usiliuze kwanza. Nisome hadi mwisho, halafu ukitaka uza, mali ni yako.

Karatasi kama hiyo mimi niliwahi kuwa nayo. Ilikuwa 2019, ndiyo kwanza nimehamia Umoja. Nilikuwa na cherehani ya miguu niliyorithi kwa nyanya, daftari la mashairi, magunia manne ya sukuma wiki kwenye roshani, na seti ya kalamu za khati nilizonunua kwa pupa siku ya mshahara. Nikapiga mistari kwa rula, kila siku na kazi yake. Wiki ya kwanza nilijiona malaika. Wiki ya pili ikaangukia tarehe 9.

Wewe hujakaa ofisi ya hesabu, kwa hivyo nikueleze. Ikifika tarehe 9, ushuru uliokatwa kwenye mishahara ya mwezi uliopita lazima uwe umeshapelekwa. Tarehe 20 ni zamu ya VAT. Mhasibu hana Jumatatu wala Jumanne, ana 9 na 20. Siku tatu nne kabla ya kila moja narudi nyumbani macho yamenitoka kama samaki wa juzi, na mtu akinionyesha uzi na sindano naweza kulia. Kuanzia tarehe 21 hadi mwezi uishe, hapo mimi ni binadamu tena. Ratiba yangu ilikuwa ya wiki na maisha yangu yanakwenda kwa mwezi. Mwaka mzima ulipita kabla sijaliona hilo, na mwaka huo wote nilijiita mvivu.

Sasa tazama yako. Wewe kazi yako ni ya zamu. Wiki hii unaingia asubuhi, wiki ijayo unaingia usiku. Jumanne yako ya leo na Jumanne ya wiki ijayo hazijuani hata kwa sura, nawe umeziandikia kitu kimoja: rangi. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba rangi za maji hazitaki taa ya stima, kwamba bluu uliyoichanganya usiku asubuhi unaikuta imekuwa kitu kingine. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Hatuna zile jioni ndefu za Ulaya. Iwe Januari iwe Julai, jua letu linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Wiki ya zamu ya asubuhi, ukishuka Thika Road na ile foleni, unafungua mlango giza limeshaingia. Hata uwe na bidii ya mchwa, hapo hakuna rangi. Lakini wiki ya zamu ya usiku unaamka saa nane mchana, na mwanga upo mpaka jioni. Hiyo ndiyo wiki ya rangi, na haina haja ya kubandikwa jikoni.

Mbao nazo si jambo la jioni. Kwenda Gikomba tu, kubishana bei, kumtafuta wa mkokoteni, kurudi, siku imekwisha na hujapiga randa hata mara moja. Mbao ni siku moja ya mapumziko kwa mwezi, tena uwe umelala vizuri. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliwahi kukata kitenge saa tano usiku, pande zima la yadi sita, nikiwa na haraka ya kumaliza kabla ya harusi ya dada yako. Asubuhi nikakuta nimekata mikono miwili, yote ya kushoto. Ile blauzi ya rangi ya chungwa niliyoivaa bila mikono, mkanisifu kwamba nimependeza, ndiyo hiyo.

Unamkumbuka nyanya pale Majengo? Ulikuwa mdogo, lakini lazima unakumbuka ukili, ule ukanda wa kusukia mkeka. Ndugu zetu wa pwani walikuwa wakimletea miyaa, yale majani ya kusukia, anaichovya maji kidogo, na tangu hapo mikono yake haitulii. Anasuka akipiga soga mlangoni, anasuka akingoja maharagwe yaive, anasuka hata kwenye benchi la hospitali. Mgeni akija, anaukunja ukili, anauweka chini ya kiti. Mgeni akiondoka, anauokota pale pale alipouacha. Ukanda mrefu tu usio na umbo, ungeuona ungesema bibi huyu anapoteza wakati. Halafu inakuja siku, mara nyingi baada ya mfungo, anafagia sebule, anatufukuza watoto wote, anaketi chini siku mbili tatu kuziunganisha kili hizo kwa sindano. Hapo ndipo mkeka unazaliwa.

Nimeifikiria sana kazi ile. Kuunganisha hakukatiki vipande: ukiinuka katikati, mkeka unakwenda upande. Lakini kusuka ukili hakujali. Dakika kumi zinatosha, na ukiacha hakuna kinachoharibika. Na sidhani kama nyanya alijiuliza hata siku moja kama ana muda wa kusuka.

Mimi ukili wangu ni shairi, na ninausukia ndani ya matatu. Huwezi kuandika kwenye matatu ya Umoja, ule muziki unatikisa hata meno. Lakini kuhesabu unaweza. Ukiacha vidole gumba unabaki na vidole vinane, na mizani, yaani silabi, za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) ni nane, za utao (nusu ya pili) nane. Napitisha vidole mara moja, ukwapi umetimia, napitisha mara ya pili, mshororo huo. Mishororo minne ni mizani 64, na Jogoo Road asubuhi ina nafasi ya mizani 64 na ziada. Jirani yangu wa kiti hudhani navuta uradi. Nikifika kazini nauandika nyuma ya risiti yoyote, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi nabeba risiti zangu hadi maktaba ya Kaloleni, nakaa pale kimya saa tatu nne, nanakili, nafuta, naziunganisha. Nyumbani siwezi, Jumamosi watoto wa jirani huhamia kwangu na miguu yao yote.

Cherehani ni kinyume chake. Kupima na kukata ni kazi ya kuunganisha mkeka, inataka sakafu nzima na akili nzima, na kwangu huja mara moja tu kwa mwezi, baada ya tarehe 20. Lakini kupiga pindo, kushona vifungo, kuchambua uzi, huo ni ukili, naufanya nikisikiliza taarifa ya habari. Na kwa vile ni ya kukanyaga, stima zikipotea Jumamosi mchana mtaa mzima unalalama, mimi nakanyaga tu. Hilo peke yake lanifanya nimwombee nyanya.

Mzee aliyenitengenezea ile cherehani, fundi wa Gikomba, aliniachia neno moja ambalo nakupa bure. Alisema nisiache kazi kwenye kona. Nikitaka kuinuka, niachie katikati ya mshono ulionyooka, sindano imezama ndani ya kitambaa, ili kesho nikikaa mguu ujue pa kuanzia bila kuniuliza. Sisi tunafanya kinyume: tunasukumana mpaka mwisho wa kipande, tunakunja, tunaweka kabatini, na kesho tunaanza kwa kutafuta makasi yako wapi. Gitaa lako limo ndani ya mfuko, mfuko una zipu, zipu inakwama, na liko nyuma ya mlango. Najua mwenye nyumba wako hataki misumari ukutani. Basi liweke juu ya kiti, kile cha plastiki ambacho hakuna anayekikalia. Likae uchi pale, ukirudi saa moja jioni ulipapase dakika kumi na tano kabla hujavua viatu. Dakika kumi na tano kila siku, wiki ya zamu ya asubuhi. Usiku uliache, jirani zako wana mtoto mchanga, nilimsikia.

Kuna jambo jingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kwenye ujumbe wako neno "biashara" limo mara tano. Nimehesabu, ndiyo kazi yangu. Gitaa upige harusini, rangi uuze, viti uuze, video zilete pesa. Naelewa linakotoka. Hapa Nairobi ukioka keki unaulizwa bei, ukisuka nywele za mwanao unaulizwa namba ya simu. Hakuna anayeamini mtu anaweza kufanya jambo kwa kulipenda na kodi ya nyumba iko mlangoni. Nami niliingia mtego huo. Nilimshonea jirani dera moja, zawadi, kabla ya Idd. Alipolivaa wakaja wengine sita na pesa mkononi, nikazipokea. Ramadhani ile sikusali tarawehe hata siku mbili mfululizo. Dera la mwisho nililipeleka usiku wa kuamkia Idd, saa sita, na shingo ilikuwa inambana. Yule dada alilivaa hivyo hivyo. Mpaka leo akinisalimu anajishika shingo. Nilipotoa nauli, uzi na kitambaa nilichoharibu, faida ilikuwa shilingi 2,300, na cherehani nikaifunika kwa leso miezi mitano bila kuitazama. Fundi wa Gikomba anakula kwa mashine yake na anaheshimika. Lakini yeye aliamua, mimi niliburutwa. Katika yako manne, kama lazima uuze, uza moja. Mimi ningechagua viti, maana kiti hata mnunuzi akikisema vibaya hukereki sana. Gitaa usiliguse.

Mjomba najua atakuletea habari za Shaaban Robert, huwa anamtoa kila mtu anaposema amechoka. Ni kweli, mzee yule alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kule Tanganyika, aliingia idara ya forodha 1926, na vitabu alivyoandika huku akiwa kazini twavisoma mpaka leo. Lakini nikimfikiria sioni mtu wa mbao na video. Naona karani anayerudi nyumbani kuandika. Yeye alikuwa na shamba moja. Sisi wenye vijishamba vinne si kwamba tumepungukiwa, ila tusidanganyane kwamba vitazaa kama lile lake. Mimi nimeridhika. Wewe jiulize usiku mmoja, ujijibu wewe, si mimi wala mjomba.

Na kama jibu ni kwamba kimoja kimekufa, kizike. Zile kalamu za khati nilimpa binti wa dada yangu. Miaka miwili zilikaa kwenye droo zikinitazama, na kila nilipofungua kutafuta betri nilijihisi mdaiwa. Siku nilipozitoa nililala vizuri kuliko siku ya mshahara. Sukuma wiki nayo sikuizika, niliilaza tu. Maji yetu huja siku mbili kwa wiki, na wakati wa kiangazi kumwagilia magunia kwa maji ya mtungi ni wazimu. Masika yakiingia Machi napanda, mvua inafanya kazi, mimi nachuma. Mengine yote ya mwaka magunia yananywea pale roshani na sioni haya. Sidhani video zako zitafika Idd ijayo, nakwambia ukweli. Huzipendi. Umeanza kwa sababu wenzako wote wana chaneli.

Ile karatasi ya jikoni ibandue, mvuke wa sufuria ulishaanza kuila.

Nina shida yangu pia. Kuna ubeti umenikwama tangu mwezi uliopita. Mishororo mitatu ilikuja siku moja, kati ya Makadara na mjini, siku makanga aliponila chenji:

Barabara imejaa, magari yote foleni,
Nauli ameitwaa, chenji yangu siioni,
Tumbo nalo lina njaa, na bosi yuko mezani,

Kituo, ule mshororo wa mwisho, kimegoma. Nimepitisha vidole mpaka vimechoka. Wewe uliye na sikio la muziki, ukiwa hapo kwenye kiti cha plastiki na gitaa magotini, nijaribie. Nane kwa nane, na vina sikubani, hata ukivibadilisha ni sawa. Nitumie kabla ya tarehe 9, au ningoje baada ya 20.

Dada yako wa Umoja